Watoto 84, mpira mmoja: kipindi cha michezo nifundishe nini?

*"Shikamoo mwalimu. Nafundisha Darasa la Nne katika shule ya serikali upande wa Arumeru, njia ya kwenda Usa River. Mimi ni mwalimu wa Hisabati, lakini mwaka huu nimekabidhiwa pia Sanaa na Michezo kwa sababu mwalimu aliyekuwepo amehamishwa. Darasa lina watoto 84. Tuna mpira mmoja wa miguu, kamba mbili na uwanja wenye mteremko. Kipindi ni dakika 40. Huwa nawatoa nje, nawazungusha uwanja mara tatu wapashe misuli, kisha nawapa mpira. Wavulana kama ishirini wanacheza, wengine wanakaa chini ya mti, wasichana karibu wote. Wakileta fujo nawaongezea mizunguko. Nina mtoto mmoja wa pumu, mwingine mama yake kaniambia ana sikoseli, na mwingine ana matege. Hao nimewaambia wakae tu. Mzazi mmoja amenijia juu kwamba mtoto anakuja shule kusoma, si kucheza. Kwa kweli sijui kama ninachofanya ni kufundisha au ni kuwachunga. Nifanyeje?"*

Marahaba, mwalimu wangu. Umeniuliza mambo sita kwa mkupuo, lakini lililo zito umeliweka mwishoni: kufundisha au kuchunga. Kwa ulivyoeleza, kwa sasa unachunga. Usijisikie vibaya, maana nimekaa na walimu wa michezo miaka mingi na wengi walianzia hapo hapo, nami nikiwemo. Mtu akipewa somo bila kupewa mbinu, hukimbilia kile alichokiona alipokuwa mwanafunzi, na sisi wote tulichokiona ni mwalimu anayetupa mpira katikati ya uwanja na kwenda kukaa kivulini.

Wewe ni mtu wa Hisabati, basi tuanze na hesabu. Tuseme mechi yenu inachukua dakika 20, sawa na sekunde 1,200. Tuseme mpira unaguswa kila baada ya sekunde tatu, jambo ambalo kwa watoto ni ukarimu mkubwa. Hiyo ni miguso 400. Igawe kwa wachezaji 22: kama miguso 18 kwa kila mtoto. Lakini unajua haigawanyiki hivyo, kwa sababu wale watano wenye nguvu huondoka na zaidi ya nusu, na wale 62 walio nje wana sifuri. Sasa chukua mipira 28 ya matambara, uwagawe watatu watatu (84 kwa 3 inakupa 28 bila baki, Mungu amekupendelea hapo). Kila baada ya sekunde tano mmoja anarusha na mwenzake anadaka. Kwa dakika tano tu kila kundi limerusha mara 60, kila mtoto mara 20. Dakika tano zimeshinda dakika ishirini, na hakuna aliyebaki chini ya mti.

Jibu langu karibu lote liko humo. Kipindi cha michezo pima kwa swali moja: leo kila mtoto amefanya tendo hili mara ngapi? Ukiona foleni, ujue hapo hakuna somo linaloendelea. Ukiona fujo, kabla hujamtafuta mkorofi tazama kwanza ni watoto wangapi waliokuwa wamesimama wakisubiri zamu.

Wengi hudhani somo hili ni mpira wa miguu, mpira wa pete na riadha. Kwa mtoto wa miaka tisa au kumi, hiyo ni sawa na kumpa insha kabla hajajua irabu. Mwili nao una irabu zake: kukimbia na kugeuka ghafla, kuruka na kutua, kurusha, kudaka, kupiga, kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba. Haya hayaji yenyewe kwa sababu mtoto amekua. Hufundishwa na kurudiwa. Asiyeyapata katika madarasa haya ya chini, akifika Darasa la Sita huanza kuficha kutojua kwake. Mara kichwa kinamuuma, mara viatu vimechanika, mara yeye ndiye anatunza masweta ya wenzake.

Kwa hiyo hao wasichana usiwaite wavivu. Kaka zao wamecheza chandimu barabarani tangu wana miaka mitano. Wao wakati huo walikuwa na ndoo kichwani au mdogo wao mgongoni. Wameingia darasani kwako wakiwa wamerusha mpira mara chache mno, kisha wanaambiwa wacheze mbele za watu na wale waliorusha mara elfu. Nani angependa? Na bado, kama uliwahi kuwaona wakicheza rede, unajua wanavyokwepa na kujipinda. Uwezo wanao, ila mchezo unaowapa hauwapi nafasi ya kuuonyesha. Jambo jingine dogo lakini kubwa: sketi. Waambie waje na bukta ya kuvaa ndani, na anayevaa suruali na hijabu aachwe avae. Katika madarasa ya juu, msichana akisema leo hawezi, usimhoji sababu mbele ya wavulana.

Tuchukue kurusha, uone kufundisha kulivyo. Msimamishe mtoto asiyejua, mpe mpira, mwambie aupige ule mti ulio hatua kumi mbele. Atasimama uso kwa uso na mti, mguu wa kulia mbele, mkono wa kulia juu, kisha atausukuma mpira kwa kiwiko kama anayefukuza nzi. Unaanguka hatua nne mbele yake. Watu husema hana nguvu. Nguvu anazo, ila zimefungwa: mguu na mkono wa upande mmoja vikiwa mbele pamoja, kiuno hakina pa kuzungukia, na nguvu ya mrusho hutoka kwenye miguu, ikapita nyonga, kiuno, bega, ndipo ikafika mkononi. Sasa mgeuze ubavu kwa mti. Mguu wa kushoto ndio uelekee mti, mkono wa kulia uende nyuma kabisa, kiwiko kisishuke chini ya bega. Mwambie: "Kanyaga, zunguka, achia." Maneno matatu, basi. Mara ya tano au ya sita utasikia mpira ukilia kwenye gome la mti, na utamwona anageuka kukutazama. Kwa anayetumia mkono wa kushoto, geuza kila kitu, na usimlazimishe kubadili mkono.

Maneno machache hivyo ndiyo siri. Ukimpa mtoto maelekezo saba, anayashika ya kwanza na ya mwisho, na ya mwisho mara nyingi ni "msisukumane".

Mipira 28 utaitoa wapi? Uko Arumeru, mwalimu, umezungukwa na migomba. Magome yaliyokauka yakikunjwa, yakabanwa na kufungwa kwa kamba za mgomba huo huo, yanatoa mpira mzuri wa kurusha. Soksi kuukuu iliyojazwa vitambaa ni bora zaidi kwa kudaka, maana haiumizi vidole wala haikimbii mteremkoni. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki, lakini hiyo ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, wala sijaisikitikia. Zaidi ya hayo, somo lako ni Sanaa na Michezo: kutengeneza mpira ni kazi halali ya upande wa sanaa. Kipindi kimoja wakae wasuke, kijacho waitumie. Chupa za maji zilizotiwa mchanga ndizo shabaha, na majivu ya jikoni yatakuchorea mistari. Huo mpira mmoja wa shule nao utazame namba yake. Kama ni namba 5, ni wa watu wazima. Umri wa miaka 8 hadi 12 huchezea namba 4.

Nije kwenye mizunguko mitatu. Mtazame mtoto wa miaka tisa akicheza bila kuamrishwa. Hukimbia kwa nguvu zote sekunde chache, husimama, huinama kuokota kitu, kisha huyo anakimbia tena. Ndivyo mwili wake ulivyo. Misuli ya mtoto hairundiki uchovu wa mbio kali kama ya mtu mzima, na akipumzika kidogo tu amerudi. Mizunguko ya mwendo mmoja humchosha akili kabla ya miguu. Tangu Alphonce Simbu aliposhinda dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo mwaka 2025, nimeulizwa zaidi ya mara moja kama tusianze kuwakimbiza watoto mbio ndefu mapema. Hapana. Waache wacheze, wakimbizane, waruke. Mbio ndefu zina umri wake. Kupasha misuli, tumia mikia: kila mtoto achomeke kitambaa kiunoni nyuma, kisha wanyang'anyane. Dakika nne zikiisha wametoka jasho wote, wamegeuka pande zote, wamecheka.

Mchakamchaka wa asubuhi siupingi, nimekua nao na hadi leo nikiusikia miguu inacheza. Ila unafundisha jambo moja tu, kukimbia mbele kwa mwendo wa kundi. Hauwezi kuchukua nafasi ya kipindi.

Kukimbiza kama adhabu, acha leo. Umemwambia mtoto kukimbia ni kitu kizuri, kisha unakitumia kama fimbo. Atachagua kuamini fimbo. Na katika darasa la watoto 84 ambamo tayari unamjua mmoja mwenye sikoseli, huna hakika kwamba hayupo wa pili ambaye hata mama yake hajui. Anayevunja kanuni asimame kando yako dakika moja, akuambie ni kanuni gani ameivunja, arudi. Dakika moja nje ya mchezo mzuri inauma kuliko mizunguko kumi. Kuhusu maji, bado nawasikia walimu wakiwakataza watoto kunywa eti watapata kichomi. Akinywa lita nzima kisha akakimbia, ndiyo, anaweza kukipata. Mafundo machache katikati ya kipindi hayana neno, hasa jua la Januari na Februari.

Sasa upangeje darasa? Njia ziko tatu na hakuna iliyo tamu tupu. Unaweza kuligawa nusu kwa nusu, nusu ichore na nusu icheze. Nafasi inapatikana, lakini macho yako ni mawili, na wanaochora watatazama mchezo. Ninaikubali pale tu wachoraji wanapokaa ukingoni mwa uwanja huo huo. Unaweza kuweka vituo sita vya watoto 14: kamba, shabaha, kudaka, kuruka mstari, na kadhalika, kila kituo na kiranja wake, wakibadilishana kwa filimbi. Hii ndiyo nzuri kuliko zote ikishazoeleka, ila wiki za mwanzo ni vurugu tupu, na mwalimu mpya huikata tamaa kabla haijakaa sawa. Ya tatu ni darasa zima kufanya tendo moja kwa makundi ya watatu, kila kundi na eneo lake. Ni ya kawaida, haina mbwembwe, na ndiyo ninayokushauri uanze nayo. Wiki ya kwanza usifundishe kingine ila filimbi: moja simama ulipo, mbili njoo kwangu. Wakishaganda kwa filimbi moja, umelipata darasa. Vituo vitakuja baadaye.

Mteremko wako una faida zake. Makundi yapange kuukingama, yaani mipira irushwe kando kwa kando, isirushwe juu kwenda chini. Mbio fupi za kupanda ni mazoezi mazuri na huko juu hawagongani. Mbio za kushuka ziache, kwa sababu mwili hutangulia miguu, na hapo ndipo mikono huvunjika. Kuhusu viatu, nyasi zikiwa safi kucheza peku si kosa, na kwa kweli ni bora kuliko kandambili au vile viatu vyeusi vizito vya sare. Ila kila asubuhi ya kipindi watoto kumi wapite mstari mmoja waokote vioo na misumari. Usiwatenge wenye raba na wasio nazo.

Hao watatu uliowakalisha wana haki na somo hili kuliko unavyofikiri, na kila mmoja ana jambo lake.

Wa pumu. Anapohema haraka, hewa kavu, ya baridi au yenye vumbi inaingia bila kupashwa joto vizuri na pua, na njia zake za hewa hubana. Kwa hiyo kwake hatari ni kuanza ghafla, na vumbi la uwanja miezi ya kiangazi. Mpe dakika za kujipasha polepole, mpeleke upande wenye nyasi, na pampu yake iwe uwanjani, isifungiwe ofisini. Muulize mzazi kama daktari amesema aivute kabla ya mazoezi. Akianza kukoroma kifuani: asimame, aketi wima akiinama mbele kidogo, avute pampu. Kama hapati nafuu, au hawezi kumaliza sentensi moja bila kuhema, hiyo ni hospitali sasa hivi, usisubiri kengele. Pumu ikidhibitiwa vizuri, mtoto anacheza kama wenzake.

Wa sikoseli anahitaji uangalifu zaidi. Chembe zake nyekundu za damu, oksijeni ikipungua au maji mwilini yakipungua, hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo; ndiyo yale maumivu makali ya mifupa. Baridi nayo huyachochea, na Juni na Julai zenu huko chini ya Meru unazijua. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu, kwa hiyo huyu hatakuwa wa mwisho kwako. Acheze kurusha, kudaka, shabaha, michezo ya mwendo wa taratibu. Asishindane mbio. Awe na ruhusa ya kudumu ya kuacha akichoka bila kukuomba. Avae sweta, anywe maji mara kwa mara. Na asinyimwe kwenda chooni: figo zake hazibani mkojo vizuri, hivyo kukojoa mara kwa mara ni sehemu ya ugonjwa, usidhani anakwepa somo. Maumivu ya kifua, homa, macho kugeuka manjano au weupe wa ghafla, mpigieni mzazi na aende hospitali siku hiyo hiyo. Na kabla hujaanza, mwite mama yake muelewane na kliniki anakohudhuria, kwa sababu mimi sijamwona mtoto.

Wa matege. Miguu kupinda ni kawaida kwa mtoto mchanga, lakini kufikia miaka mitatu hivi huwa inanyooka. Kwa mtoto wa Darasa la Nne si kawaida tena. Mtazame meno. Maeneo yenu, kuelekea Maji ya Chai hasa, maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru yana floraidi nyingi. Kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo huko vinavyopita hapo mbali. Floraidi ikizidi kidogo huacha meno ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka, tangu utotoni, huharibu mifupa. Matege pia huletwa na upungufu wa vitamini D au madini ya chokaa. Huwezi kujua kwa kutazama, wala mimi. Mshauri mzazi aanzie Hospitali ya Mount Meru, na ikihitajika watampeleka hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kwa madaktari wa mifupa. Akiwa anasubiri, arushe, adake, asimame kwa mguu mmoja. Kuruka-ruka mara nyingi kusubiri neno la daktari. Na jina la utani alilopewa, kama lipo, lizime wewe mwenyewe.

Kwa darasa zima kumbuka mawili. Mtoto anayezimia katikati ya mbio, tofauti na yule anayelegea akiwa amesimama juani mstarini, apimwe moyo kabla hajacheza tena. Na aliyegonga kichwa akatapika, akachanganyikiwa au akasinzia, harudi uwanjani, anaenda hospitali.

Huyo mzazi aliyekujia juu, usibishane naye. Mwambie Sanaa na Michezo ni somo lililo kwenye mtaala, si mapumziko, na kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuutumia mwili kweli kweli. Usimwahidi kwamba alama zitapanda. Watoto waliocheza hutulia zaidi kwa muda fulani baadaye, na dakika hizo hazionekani kupunguza ufaulu. Zaidi ya hapo tutakuwa tunauza dawa ya sokoni. Kisha mwonyeshe daftari. Waruke kutoka mstarini, wapimane kwa futi kamba, waandike sentimita, watafute wastani wa kundi. Mwalimu wa Hisabati unaliacha hilo lipite?

Mwalimu mkuu naye atakutaka timu ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, na ana haki. Timu ifanye mazoezi baada ya masomo. Ila ukichagua, kumbuka kwamba aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanakaa dawati moja huku wakipishana karibu mwaka mzima. Kipaji unachokiona mara nyingi ni miezi hiyo tu.

Mtu wa kukutazama ukifundisha ni bora kuliko maandishi yangu. Muombe afisa michezo wa halmashauri aje kipindi kimoja, au mtafute mwenzako aliyepita Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba.

Na kipindi chako kijacho, ule mpira wa shule uache ofisini. Wavulana ishirini watakuuliza uko wapi. Waambie utatoka wiki ya nne.